Wino wa kahawia, karatasi za Itigi na rangi ya mama yetu

Wakuu, poleni na mihangaiko ya kutwa.

Ninachokwenda kusimulia kimetokea nyumbani kwetu. Mashahidi wangu wawili bado wako hai, na mmoja nimetoka kuongea naye kwa simu mchana huu huu ili nisije nikachanganya mambo. Kwa hiyo wale wazee wa kusema "hii chai", kwamba mtu anatunga, karibuni mkae, vikombe vipo, ila leo mtaondoka na kiu.

Sababu ya uzi ni hii. Wiki iliyopita kuna member aliuliza humu jinsi wino wa kahawia wa kalamu ya nibu unavyokaa kwenye karatasi tofauti tofauti.

Maskini wa watu, akashambuliwa. Mmoja akamwambia anunue peni ya kawaida aache mbwembwe. Mwingine akamuuliza kama yeye ni mganga anaandika makombe. Mwingine akasema siku hizi watu wanaandika kwa simu.

Mimi nilipita kimya. Si kwamba sikuwa na jibu. Jibu langu ni refu, na linamhusu mama, nikaona nisilitupe tu katikati ya kelele.

Sasa nimetulia, naandika.

Tulikulia Itigi, kwenye nyumba za reli, miaka ile ya ruksa ambapo vitu vilianza kurudi madukani. Baba alikuwa karani wa mizigo pale stesheni. Mnyaturu wa upande wa Ikungi, mrefu, mweusi tii, maneno machache.

Alikuwa na kalamu ya nibu, ile ya kunyonya wino kwenye chupa, na aliitunza kuliko baiskeli yake. Kila Jumapili aliiosha kwa maji ya vuguvugu, akaifuta kwa kitambaa, akaijaza wino upya. Ukiigusa bila ruhusa ulikuwa unajitakia mwenyewe.

Watoto tulikuwa wawili tu. Mimi, na mdogo wangu wa kike, Eliwaza.

Mama alifariki siku aliyomzaa Eliwaza. Mimi nilikuwa bado mdogo sana, na nilichobaki nacho ni paja la kulalia na harufu fulani nzuri ambayo sikujua ni ya nini. Sura yake niliijua kwa picha.

Picha yenyewe ilikuwa moja, black and white, ya studio ya Manyoni. Mama kafunga kitambaa kichwani, katazama pembeni kidogo kama kaitwa. Wakuu, zile picha mnazijua. Kila mtu humo ana rangi ya majivu, awe mweupe awe mweusi, na ukuta nao ni majivu.

Sasa tatizo likaanzia hapo.

Baba mweusi. Mimi mweusi. Eliwaza maji ya kunde.

Najua kuna mtu anasema "sasa hilo nalo ni tatizo?" Kwako wewe mkubwa siyo. Kwa mtoto wa darasa la pili anayeishi na watoto wa nyumba za reli ni tatizo kubwa kuliko unavyofikiri.

Wale watoto walimtungia wimbo. Kwamba Eliwaza aliokotwa kwenye behewa. Kwamba yeye ni mzigo ambao mwenyewe hajaja kuuchukua, na baba yetu kwa kuwa ndiye karani wa mizigo, basi anamhifadhi tu mpaka mwenyewe aje na risiti.

Unaona ubaya wa watoto? Wametumia kazi ya mzee wetu mwenyewe.

Mimi niligombana nao mpaka nikavunjwa jino, lakini wimbo haupigwi ngumi ukaisha. Na Eliwaza akaanza kuuamini. Treni ya abiria ikisimama alikuwa anakwenda kusimama karibu na uzio, anatazama wanawake wanaoshuka, mikono yao. Nilipomuuliza anamtafuta nani, alisema hamtafuti mtu.

Halafu akaanza kuvaa sweta langu la mitumba, la mikono mirefu. Itigi, mwezi wa kumi, jua linachoma mpaka mbuzi wanagombania kivuli cha behewa. Mtoto yuko ndani ya sweta.

Baba aliliona lile sweta. 

Siku moja tunakula ugali wa mtama na mlenda, Eliwaza akauliza, "Baba, mama alikuwa na rangi gani?"

Baba akatafuna, akameza. "Maji ya kunde."

Akaendelea kula. Kwake yeye alikuwa ameshajibu.

Kesho yake natoka shule nakuta jikoni moshi. Eliwaza kainjika kunde. Nikajua leo tunakula vizuri. Kumbe mwenzangu hana habari na kunde, anataka maji yake.

Baba aliporudi kazini akamkuta mlangoni na kikombe cha bati ameshika kwa mikono miwili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Habari za shule?"

"Nzuri. Baba, mama alikuwa hivi?"

Baba akainama akachungulia. Yale maji, wakuu, yalikuwa yanaelekea zambarau, yametibuka, na ganda la kunde linaelea juu. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini.

Baba hakucheka. Alichukua kile kikombe akakishika muda, akatazama maji, akamtazama mtoto, na sweta, na jasho kwenye paji la uso.

"Hapana. Mama yako hakuwa hivi."

"Sasa alikuwaje?"

Baba akayamwaga yale maji uani.  Nadhani ndiyo mara ya kwanza aligundua kwamba jambo analolijua kuliko yote hana namna ya kulisema.

"Nitakuonyesha," akasema.

Sasa tuje kwenye wino. Wale mliokuja kwa ajili ya wino, asanteni kwa uvumilivu.

Jirani na stesheni kulikuwa na duka la mtu mmoja tuliyemwita Ruksa. Jina lake halisi hata silikumbuki. Zamani duka lake lilikuwa rafu tupu, chumvi ya mawe, na siku ya bahati kibiriti. Enzi ya ruksa ilipokuja alijaza kila kitu: sabuni za kunukia, betri, kandambili za rangi, miwani ya jua, mpaka madoli ya Kizungu ambayo watoto wa Itigi waliyaogopa.

Kwenye mizigo iliyotoka Dar akaletewa katoni la chupa za wino, rangi mchanganyiko. Bluu ikaisha siku hiyo hiyo. Nyeusi ikaisha. Walimu wakamaliza nyekundu. Zikabaki chupa za kahawia zinakusanya vumbi, maana hakuna ofisi ya serikali inayokubali kahawia.

Baba akaenda kuzichukua, na mimi nikiwa naye. Ruksa akamshangaa.

"Mzee, hizi utaandikia ofisi gani?"

"Siandiki," baba akasema. "Kuna mtu namtafuta."

Ruksa akaniangalia mimi kana kwamba nitafafanua. Mimi mwenyewe sikuwa najua.

Chupa zilikuwa tatu, na kahawia ni neno moja lakini siyo rangi moja. Ya kwanza ilikuwa nyekundu nyekundu kama udongo wa kichuguu. Ya pili ilikuwa na manjano ndani yake, ukiinua juani unaona asali ya msitu wetu kabisa. Ya tatu nzito, karibu na nyeusi, kahawa ya Mhaya.

Kila Jumapili baada ya kanisa, baba akawa anakaa kwenye meza ya dirishani, tumemzunguka. Anapaka kipande kidogo cha rangi, halafu pembeni anaandika jina la mama kwa mwandiko wake wa kikarani: Naomi. Tunasubiri kikauke. Anaangalia.

Karatasi tulimkusanyia sisi. Chochote kinachochukua wino kilikuwa karatasi.

Tulianza na daftari la shule. Usijaribu. Karatasi za daftari za wakati ule zilikuwa za kukwaruza, unaona mpaka vipande vya mti ndani yake. Wino unaingia tu, unaanza kuota ndevu pande zote, na unatokea upande wa pili. Ile ya kichuguu ikawa nyekundu ya ajabu.

"Huyu ana homa," baba akasema, akaweka pembeni.

Karatasi nyeupe ya taipu, ile laini ya ofisini, ilikuwa kinyume chake. Mstari unakaa ulipouweka, msafi, hauna ndevu hata moja. Lakini weupe wa pembeni unaifanya kahawia ionekane nyeusi zaidi kuliko ilivyo, na iliyopoa. Ukitaka kuandika barua ya maombi ya kazi ni nzuri. Baba aliitazama akatikisa kichwa.

"Huyu ni shangazi yenu wa Ikungi."

Eliwaza akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka siku nyingi, na baba naye alimsikia, maana alianza kutafuta ndugu kwenye kila karatasi.

Nyuma ya kalenda, ile karatasi ya kung'aa. Wakuu, kama mnataka kuona uzuri wa wino wa kahawia nendeni pale. Haunywewi. Unakaa juu kama maji kwenye jani la mgomba, unachelewa sana kukauka, na ndani ya herufi moja unapata rangi mbili: kalamu inapoanza ni asali, inapotua ni kahawa. Mimi ningeishia hapo. Tatizo kiwiko cha Eliwaza kilipita, tukapata mkia wa ng'ombe mpaka ukingoni.

"Huyu wa mjini," baba akasema. "Kajiremba sana. Simjui."

Karatasi ya mfuko wa saruji ilikunywa kila kitu, kahawia juu ya kahawia, humuoni mtu. Gazeti likatoa ukungu. Bahasha ya kaki ikakubali kidogo, na baba akasema huyo amewahi kumuona kwenye treni.

Halafu tukajaribu karatasi ya barua za ndege, ile nyembamba yenye ubluu kwa mbali. Ile ya asali ilipokauka pale ikaenda kwenye kijivu.

Baba aliitazama kuliko zote. Hakutania. Aliweka kalamu chini, akasema twende tukachote maji, na Jumapili ile ikaishia hapo. Nilikuwa mkubwa kiasi cha kuelewa kwamba amemuona mama wa siku ile ya mwisho, na Eliwaza hakuwa, nashukuru.

Iliyokaribia ilikuwa manila. Kule stesheni kulikuwa na lebo za mabehewa za zamani, manila ile karatasi ngumu, ya rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo, zimeachwa kutumika zinatupwa. Baba akaomba. Akachanganya kichuguu na asali kwenye kizibo cha soda, akazimua kwa maji, akapaka kwa unyoya wa kuku. (Msichanganye wino ndani ya kalamu jamani, utaganda humo. Changanya nje.)

Manila haiotishi ndevu na haikatai. Inaupokea wino taratibu, ukingo unakaa.

Baba akainama karibu kabisa.

"Huyu," akasema, "huyu namfahamu."

Eliwaza akasimama juu ya kiti.

Ndipo baba akatoa picha ya studio. Akaweka karatasi ya barua ya ndege juu yake, akafuata mistari kwa penseli, kitambaa, shavu, shingo, bega, halafu kwa kaboni akaihamishia kwenye manila. Mzee wetu alikuwa na mwandiko wa kutisha kwa uzuri, ila kuchora alikuwa hawezi. Mama alitoka na macho ya samaki. Hatukujali. Sisi shida yetu ilikuwa rangi.

Akapaka uso. Wino ukiwa mbichi, unang'aa na maji yake, baba akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Naomi," akasema, siyo kwetu.

 Kulikuwa na nzi dirishani, namkumbuka mpaka leo.

Halafu wino ukakauka.

Kama umeshatumia wino unajua. Wino mbichi na wino mkavu siyo kitu kimoja. Ukikauka unazama, unapoteza ule uhai, unabaki na rangi iliyofumba. Tulikuwa tunaona kabisa, kuanzia paji la uso kushuka, mtu anaondoka.

Baba akapaka tena lebo nyingine. Ukiwa mbichi, ndiye. Ukikauka, siye. Akaongeza kahawa. Akapunguza maji. Akaja Jumapili nyingine, na nyingine. Dirisha lilijaa akina mama wa macho ya samaki, na wote wakikauka walikuwa watu wengine.

"Kapauka," baba akasema siku ya mwisho. "Mama yenu hakuwa amepauka hivi."

Akakaa. Akajifuta vidole.

"Au labda nimemsahau," akasema.

Wakuu, mimi nimeshasikia maneno mazito maishani, nimefukuzwa kazi, nimezika. Sijasikia maneno yaliyoniumiza kama yale, kwa jinsi alivyoyasema kwa upole, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Akafunga chupa zake, akaziweka juu ya kabati. Akaacha lebo moja tu mezani, ile iliyokuwa afadhali.

Eliwaza akavaa sweta lake akatoka nje.

Wiki hiyo akaja mama mdogo kutoka Ulemo, mdogo wake mama. Tulimrukia na maswali hata hajaweka mzigo chini. Yeye mwenyewe mweusi kama mimi na baba, kwa hiyo kumtazama hakukusaidia.

"Mama mdogo, mama alikuwa na rangi gani?"

"Dada? Dada alikuwa mzuri."

"Rangi!"

"Mzuri jamani, niseme nini? Mtu wa kwetu alikuwa mzuri."

Tukaachana naye.

Alikuwa ametuletea chupa ya mafuta ya alizeti, yale ya kukamua nyumbani, mazito, yana harufu mpaka ukifunga. Alipomvua Eliwaza sweta ili amuogeshe akapiga kelele.

"Mtoto umepauka hivi! Utafikiri huna kwenu!"

Hakuwa na nia mbaya. Alimkalisha katikati ya magoti akampaka mafuta kuanzia utosini, uso, shingo, mikono, kwa viganja vyote viwili. Eliwaza alikuwa hajawahi kupakwa na mtu namna ile. Baba alikuwa anatuachia kopo tujipake wenyewe. Alitulia, macho kayafumba.

Mama mdogo akaondoka. Chupa ikabaki.

Jumamosi baba yuko kazini, mimi nimetoka kuchota maji. Narudi na ndoo, nasikia harufu ya alizeti mpaka uani. Naingia ndani.

Eliwaza amekaa mkekani. Sweta kavua, na mikono yake inang'aa mafuta. Ile lebo ya manila iko mapajani. Anachovya vidole kwenye kisahani, anampaka mama. Paji la uso. Shavu hili, shavu hili. Anashuka shingoni. Taratibu, kama unavyompaka mtoto anayekwenda shule.

"Eli! Unafanya nini?"

"Nampaka. Baba kasema kapauka."

 Mafuta yalikuwa yanakimbia ndani ya manila, doa linapanuka, limeshafika kwenye kitambaa cha kichwa linakwenda ukingoni. Ile ndiyo lebo pekee baba aliyoiacha. Na baba anarudi mchana.

Nikafanya kile ambacho kila mtu wa kwetu angefanya mafuta yakimwagika. Nikakimbilia unga.

Nimekuja na kiganja cha unga wa mtama, Eliwaza akaifunika picha kwa mwili wake.

"Usimpake unga! Utampausha tena!"

Tunavutana hivyo, baba akaingia.

"Shikamoo baba," tukasema pamoja. Mimi na unga, yeye na mafuta.

Hakuitikia. Nikajisogeza mbele ya Eliwaza, maana nilijua kofi linakuja na nilitaka linikute mimi. Baba akanisogeza pembeni kwa mkono mmoja, bila nguvu. Akainama, akaichukua lebo kwa pembe mbili. Tone la mafuta likaanguka kwenye kiatu chake cha kazi.

Mkononi ilionekana nyeusi, imeloa, imeharibika. Lakini baba alikuwa na mazoea ya kutazamia kila kitu dirishani. Akaiinua kwenye mwanga.

Manila ikiingia mafuta inapitisha mwanga. Na wino wa kahawia haukimbii kwenye mafuta kama unavyokimbia kwenye maji, unabaki pale pale ulipo, ila unarudi kuwa kama mbichi. Safari hii haukuwa unakwenda kukauka.

Baba akasimama pale. Sisi tunaona mgongo wake tu, na mabega.

"Kaka," Eliwaza akaninong'oneza, "ananipiga?"

Nilikuwa sijawahi kuona baba akilia, kwa hiyo nilichelewa kuelewa.

"Ndiye," akasema. Sauti haikuwa yake. "Ndiye huyu. Alikuwa hatoki mlangoni bila mafuta yake ya kwao. Hata kwenda bombani tu. Nimekaa natafuta rangi, nimesahau mafuta."

Na mimi ndipo nikaijua ile harufu. Ilikuwa imejaa chumba kizima, na nilikuwa kama nimelala tena kwenye paja la mama.

Baba akageuka. "Njoo mama."

Eliwaza akaenda, mkono umefichwa nyuma. Baba akauchukua, akaunyoosha, akauweka dirishani karibu na shingo ya mama kwenye lebo. Mkono wenyewe bado una mafuta.

Wakuu, sitaki kutia chumvi. Haikuwa sawa asilimia zote, mkono wa mtu ni mkono wa mtu na wino ni wino. Lakini ilikuwa ile ile. Hata mimi nikiwa nimesimama mbali na unga wangu niliona.

"Umeona?" baba akamuuliza.

"Nimeona."

"Umeona vizuri?"

"Nimeona baba."

Akambeba. Alikuwa ameshapita umri wa kubebwa, miguu inaning'inia, na shati la kazi likaharibika kwa mafuta mpaka leo nadhani lile doa lipo mahali. Hakusema neno lolote kuhusu behewa, kuokotwa, wala wale watoto. Ndipo nikajua alikuwa anausikia wimbo siku zote.

Jumatatu Eliwaza alikwenda bombani bila sweta. Wakaanza wimbo wao. Nilikuwa nyuma yake, tayari kwa jino lingine. Akaweka ndoo chini, akanyoosha mkono kwa yule kinara wao kama anamwonyesha saa.

"Huu ni wa mama yangu," akasema, akageuka kukinga maji.

Wimbo uliendelea siku chache zaidi, kisha wakahamia kwa mtoto mwingine mwenye masikio makubwa. Sweta nilirudishiwa, linanuka alizeti.

Sasa, ushauri wa kitaalamu kwa yule member, ili nisije nikalaumiwa: USIPAKE MAFUTA KARATASI YAKO. Mkeka ulikufa. Lebo ilinuka mafuta yaliyochacha karibu mwaka mzima, na panya wakala pembe moja. Baba akaipeleka kwa fundi ikabanwa kati ya vioo viwili, ndiyo ikapona.

Ukitaka karatasi ya kuandikia tumia ile ya taipu. Ukitaka kuona wino unacheza tafuta ya kung'aa, uwe na subira ya kukauka. Daftari liache kwa penseli.

Na kuna jambo ambalo hatukulijua siku ile. Mafuta kwenye karatasi hayatulii. Mwaka hadi mwaka yanageuka, yanakolea. Yule mama wa dirishani alikuwa maji ya kunde, akaenda akikolea kidogo kidogo, mistari ikaanza kutokea shavuni manila ilipopasuka, na leo ukimtazama ni mama mtu mzima kabisa.

Eliwaza sasa hivi ni mwalimu Singida mjini, ana umri ambao mama hakuufikia. Baba anaishi kwake. Macho hayaoni vizuri, ila vioo vile viko ukutani karibu na kiti chake, na asubuhi akiamka huwa anavigusa.

Mwaka huu kijana wangu, hawa wa computer, alikuja likizo akapiga picha ile lebo kwa simu. Akatuonyesha jinsi anavyoweza kuirudisha: anaondoa ukoleaji, anaziba mipasuko, bibi anarudi kuwa msichana kama siku ya kwanza. Alifanya vizuri kweli, lazima niseme.

Eliwaza alitazama simu, akamrudishia. "Ahsante mwanangu. Usiguse ya ukutani."

Baba kutoka kwenye kiti chake akauliza kuna nini. Tukamweleza. Akanyoosha mkono akavigusa vile vioo.

"Mwacheni hivyo hivyo," akasema. "Sisi wote tumezeeka, yeye abaki msichana peke yake na nani?"

Wakuu, funzo nililolipata ni dogo tu. Kama nyumbani una picha ya black and white, na mtu anayemkumbuka huyo aliyemo bado anapumua, muulize leo alikuwa na rangi gani. Usikubali akujibu neno moja akaendelea kula. Na muulize alikuwa anapaka nini.

Nakaribisha comment, hata za chai. Aliyewahi kumpata mtu wake kwenye kitu kisichotegemewa naye atuambie, nipo hapa nasoma.

Na wewe mkuu uliyeuliza wino wa kahawia unapendeza kwenye karatasi gani, usiwasikilize hawa. Swali lako lilikuwa zuri. Inategemea unamtafuta nani.